Msikate foto ya babu: kwa wadogo wanaoanza kolaji

Wadogo zetu, katika kolaji, yaani picha ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa, makosa ni yale yale. Binti wa mchoro wa Vermeer kavikwa kikwembe, Mona Lisa kaketi mbele ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya hapa Lubumbashi, wazo linapendeza. Ukikaribia unakuta kartoni imepinda, wino umetiririka, uso umekuwa bapa. Wazo mnalo. Kinachokosekana ni kazi ya mkono, na hiyo inafundishika. Someni kabla hamjafungua kole, yaani gundi.

1. Anzeni na mchoro wenye mifupa michache. "Binti Mwenye Hereni ya Lulu", aliouchora Johannes Vermeer mnamo 1665 hivi, una kichwa kimoja, mwanga mmoja kutoka kushoto, na giza nyuma. Wa asili, ulioko Mauritshuis mjini The Hague, una urefu wa sm 44.5 na upana wa sm 39. Kwenye A3 upeni sm 32 kwa 28: miraba ya sm 4 ya kunakilia mchoro inatimia 56, na uwiano haupotei. Guernica ya Picasso, yenye upana wa karibu mita 8, isubiri.

2. Mwanga kwanza, rangi baadaye. Mnachagua vipande kwa maana yake: hiki cha kikwembe cha mama, hiki cha kalenda ya parokia. Maana haijengi shavu. Nyekundu na kijani zenye giza sawa zikikaa jirani, jicho halioni mviringo wowote. Toeni fotokopi ya mchoro kwa nyeusi na nyeupe, kisha gawanyeni karatasi zenu zote katika bahasha tano, kuanzia zile nyeupe kabisa hadi zile nyeusi kabisa. Kila kipande kiingie mahali pa giza lake, halafu kiwe cha rangi yoyote mpendayo. Mkiwa na shaka, pigeni kazi foto kwa simu, muiondolee rangi.

Hereni yenyewe ni miguso miwili tu: mng'ao juu upande wa kushoto, na weupe wa kola unaorudi chini. Kateni vipande viwili, giza litakamilisha. Mkibandika duara jeupe zima mtapata kifungo cha shati. Na nyuma si lazima pawe peusi: utafiti uliotangazwa na Mauritshuis mwaka 2020 ulionyesha kwamba Vermeer alichora pale pazia la kijani ambalo limefifia. Kijani kizito cha kikwembe kina haki ya kukaa hapo.

3. Foto ya familia. Hapa tunawasihi. Kijana anataka babu yake, mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ya ukoloni, aketi ndani ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo. Ni wazo la haki kabisa. Basi anachukua foto yenyewe, ile ya studio yenye kingo za meno meno, pengine ndiyo pekee iliyobaki, anaipitisha mkasi shingoni. Kichwa kinatoka kidogo kuliko nafasi iliyoachwa, kwa kuwa hakuna aliyepima. Anakibandika hivyo hivyo. Uso wa foto ya zamani ni jelatini yenye chembe za fedha: maji ya kole yanaivimbisha, inateleza chini ya kidole, na alama ya kidole inabaki kwenye shavu la mzee. Anajaribu kukibandua, lakini kole nyeupe ikishakauka haiachii kwa urahisi. Karatasi inachanika katikati ya unene wake, nusu ya uso inabaki kwenye kartoni. Mabega, nguo ya kazi, mhuri wa studio nyuma, vyote ni vipande mezani, na shangazi aliyeazimisha foto bado anaingoja. Hakuna kolaji inayolipa hasara hiyo.

Lazeni foto karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, bila flashi, simu ikae sambamba nayo. Pimeni nafasi, kisha chapeni nakala tatu: moja kamili, moja pungufu kidogo, moja zaidi kidogo. Chapeni kwa leza, maana unga wake huyeyushwa na kushikishwa kwenye karatasi kwa joto. Wino wa printa nyingi ndogo hutiririka ukiguswa na maji. Lowesheni kidole, guseni pembe, mtajua. Sammy Baloji, msanii wa picha, mzaliwa wa Lubumbashi huu huu, katika mfululizo wake Mémoire aliwaweka watu wa picha za enzi ya ukoloni mbele ya magofu ya Gécamines kwa kompyuta, bila kugusa picha za hifadhi kwa mkasi.

4. Kole nyeupe ya maseremala: sehemu mbili kole, moja maji. Hewa isukumwe kutoka katikati kwenda kingo. Karatasi hutanuka ikilowa na kusinyaa ikikauka, ndipo inavuta kartoni. Bandikeni nyuma karatasi ya uzito ule ule. Juu plastiki, juu yake vitabu, usiku kucha; wakati wa mvua, siku mbili. Gazeti lenyewe huwa njano, tumieni fotokopi yake.

5. Msiishie Ulaya. Mwenze Kibwanga, mchoraji wa ile Hangar, karakana ya uchoraji iliyofunguliwa na Pierre Romain-Desfossés hapa mjini mwaka 1946, alijenga miili kwa mistari mifupi mifupi iliyolala sambamba. Hiyo ni shule tosha ya kolaji. Kateni kanda za mm 3 kwa sm 2, rangi tatu au nne za udongo, kwa kisu chenye wembe mpya, kwa kuwa mkasi huzikunja. Zifuate mwelekeo wa mkono au mgongo, si wa karatasi. Nyuma ya kazi muandike jina la Mwenze. Na kanda zote ziwe tayari kabla ya kubandika ya kwanza, maana ukisimama kukata nyingine, kole inakauka.