Dawa Anameza na Miguu Bado Inaruka: Maswali Yenu Kuhusu Spazimu

Swali: Habari ya kazi daktari. Mimi niko Kaptembwo hapa Nakuru. Mzee wangu alianguka kwa mjengo mwaka juzi akaumia uti wa mgongo, hapa chini ya kifua, na tangu hiyo siku hatembei, haskii miguu, anatumia katheta, ile paipu ya kutoa mkojo. Miguu ilikuwa inashtuka shtuka tukazoea lakini huu mwezi imezidi, usiku inajikunja magoti yanafika tumboni halafu inajinyoosha na nguvu ananipiga teke, sai mimi hulala chini na mtoto. Anameza baklofeni, ile dawa ya kulegeza misuli, lakini anasema inamlewesha na haimsaidii kitu, anataka kuiacha kabisa. Mama mkwe anasema ni nguvu zinarudi tusiingilie, watu wa kanisa wanasema tuombe. Ikianza mimi huyalalia hayo magoti na uzito wangu wote ndio yatulie. Huku baridi pia imekuwa kali. Ah na nimesahau, mkojo siku hizi una uchafu uchafu ndani ya paipu na unanuka. Nifanye nini?
*Mama Wawili, Kaptembwo*

Jibu: Mama Wawili, hiyo ya mkojo uliyoitupa huko mwisho ndiyo ningeanza nayo. (Na mimi ni mtu wa fizio, ile tiba ya mazoezi ya viungo, si daktari, lakini nyote mnaniita daktari na nishachoka kukataa.)

Spazimu, yaani huko kuruka na kukaza kwa misuli bila yeye kutaka, zikiwa zimetulia mahali pake miezi mingi halafu zizidi tu ghafla, mara nyingi kuna kitu huko chini kinamuumiza na yeye mwenyewe hawezi kukiskia. Uti wa mgongo ulio chini ya pale palipoumia haukufa, bado unapokea habari za ngozi, za kibofu, za matumbo na za misuli, kilichokatika ni ile amri ya ubongo ya kusema tulia. Ni boda iko mteremko wa Milimani bila breki. Kitu kidogo tu, hata kucha iliyoingia nyamani, mguu mzima unajirusha.

Kwa hivyo kesho mpeleke kliniki mkojo upimwe, na kama kuna mahali wanaweza kuuotesha maabara kujua ni kidudu gani na kinauawa na dawa gani, ni bora zaidi. Tafadhali usipitie kemisti kununua antibayotiki za kubahatisha, mtu wa katheta karibu kila siku ana vidudu kwa mkojo hata akiwa mzima, na ukimpa dawa ovyo ovyo siku ya ugonjwa kamili hazitashika. Hiyo katheta imekaa muda gani? Mwambie nesi aiangalie, labda imeanza kuziba. Na usiku kabla hamjalala ifuate paipu na mkono kutoka juu hadi kwa mfuko, nyingi nazokuta zimekunjwa zimelaliwa na paja, au mfuko umejaa hadi hauna pa kupokea, kibofu kinafura na miguu inaanza vita.

Mkojo ukiwa sawa angalia choo, ameenda lini mara ya mwisho? Halafu ngozi. Chukua tochi ya simu umgeuze uangalie matako, mfupa wa kiuno, visigino, vifundo, kati ya vidole, na sehemu za siri kama hazijabanwa na suruali, kuna mzee alitusumbua kliniki na miguu kuruka na ilikuwa ni kalamu amekalia mfuko wa nyuma. Ukikuta mguu mmoja umefura na una joto kuliko mwenzake hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda au mfupa umevunjika bila yeye kujua.

Sasa baklofeni. ASIIACHE GHAFLA. Hii naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona watu wakiletwa wanaona vitu ambavyo haviko, wengine wanashikwa na kifafa, na spazimu zinarudi mbaya kuliko mwanzo. Kama ni kuipunguza, daktari anaishusha pole pole. Lakini kulewa kwake si uongo, hiyo dawa inaleta usingizi na mwili kulegea, ndio maana kwa kawaida watu wazima huanzishiwa 5 mg mara 3 kwa siku halafu inapandishwa kidogo kidogo, na nje ya hospitali kwa kawaida haipitishwi 80 mg kwa siku. Muulize daktari kama ilipandishwa haraka, kama kipimo kikubwa kinaweza kuhamishwa usiku, na kama figo zake zimepimwa juu hiyo dawa inatokea huko na figo zikiwa dhaifu inajaa mwilini. Kama anapiga pombe mwambieni ukweli daktari, hizo mbili hazikai pamoja. Na mkienda ushago bebeni ya kutosha, msingoje vibaki vidonge viwili ndio mtafute kemisti. Mimi singekubali kipimo kiongezwe kabla huo mkojo haujaangaliwa, mtamlewesha usingizi tu bure na kinachomchokoza kibaki palepale.

Hayo ya kulalia magoti, wacha leo. Ukivuta misuli kwa kasi na nguvu ndio unaichokoza ikaze zaidi, halafu mifupa ya miguu isiyosimama inakuwa myepesi, utaivunja na hatalia. Mguu ukinyooka kama mti weka mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine nyuma ya goti, kunja goti na nyonga pole pole, utaskia inagoma, ngoja hapo hapo bila kusukuma, baada ya muda utaskia inaachilia yenyewe ndio uendelee. Akiwa kwa wilicheya na mguu unagonga gonga pale pa kukanyagia, weka kiganja juu ya goti ukandamize taratibu hadi kisigino kiguse chini, mara nyingi inanyamaza.

Kunyoosha ni kila siku, asubuhi kabla hajatoka kitandani na jioni: nyuma ya mguu chini, nyuma ya paja, na mapaja kuyafungua yasijifunge kama makasi, kila mahali ukishika nusu dakika au zaidi bila kudundadunda. Kama hana kidonda na anapumua vizuri, kulala kifudifudi dakika 20 kunasaidia sana nyonga, ingawa wanaume wengi hawaipendi sijui ni kwa nini. Baridi pia huchangia kweli, Julai ya Nakuru tunaijua, mvalishe soksi zisizobana na blanketi ya ziada. Lakini chupa ya maji moto usimuwekee miguuni, wala jiko karibu, ataungua na atakuwa anakuambia yuko sawa.

Mama mkwe usigombane naye. Mwambie mzee asongeshe kidole gumba cha mguu ukimwambia sasa, na aache ukimwambia acha. Akiweza kufuata amri hiyo ni habari ya kupelekea daktari mbio. Mguu ukiruka wenyewe bila yeye kutaka, hiyo ni spazimu tu. Na maombi yaendelee, mkojo ukiwa maabara.

Swali: Niaje daki. Niko Kondele, Kisumu. Nilipata ajali ya pikipiki, wakaniambia niliumia T4, ile pingili ya nne ya mgongo hapa kifuani. Spazimu zangu kwanza hunisaidia kutoka kitandani kuingia wilicheya. Shida ni saa zingine zikikuja kichwa inagonga vibaya, natoka jasho uso na shingo, nywele zinasimama, halafu nikimwaga mkojo inaisha. Huwa nameza Panadol. Nilitaka kujua zile sindano za Botox zinaweza maliza hii maneno yote?
*Kijana wa Kondele*

Jibu: Botox tuiweke kando kidogo kijana wangu, hiyo kichwa ndiyo imenishtua. Inaitwa otonomiki disrefleksia, inawapata sana walioumia T6 kwenda juu. Kibofu kikijaa presha inapanda kwa fujo na haina wa kuishusha, ikiachwa inaweza kukupasulia mshipa kichwani. Panadol haiigusi.

Ikianza usilale chini. Kaa wima, shusha miguu, legeza mshipi, viatu, chochote kinachobana, toa mkojo au angalia katheta haijaziba. Isipotulia, choo kinaweza kuwa ndicho, lakini kukitoa kunaweza kuipandisha zaidi, hiyo waachie nesi. Presha ipimwe kila dakika chache na kama bado uko hivyo kimbizwa hospitali, hapo Russia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, si mbali na wewe. Shida ni kwamba presha ya mtu wa T4 huwa ya chini, ile namba ya juu inacheza 90 hadi 110, kwa hivyo nesi asiyejua akiona 140 anakuambia uko sawa rudi nyumbani, na hauko sawa. Jua yako ya kawaida ni ngapi, iandike kwa karatasi pamoja na jina la hiyo hali, kaa nayo mfukoni.

Botox hudungwa kwa msuli fulani, inafanya kazi kama miezi 3 hivi halafu unarudia, ni ya sehemu chache zinazosumbua, haimalizi mwili mzima, na bei si ya mchezo. Wewe hizo spazimu unazitumia kuvuka kitanda, zikiisha zote utabebwa. Usizitoe.

Swali: Kaka yangu aliumia shingo mwezi uliopita, bado yuko wodi. Miguu ilikuwa imelegea kabisa, wiki hii imeanza kuruka. Ni vizuri ama vibaya?
*Dada, Bungoma*

Jibu: Si vizuri si vibaya dada, ilikuwa inangojewa. Wiki za kwanza uti wa mgongo hunyamaza wote, ukiamka ndio spazimu zinaanza. Kwa vile ni shingo, yaani juu ya T6, soma hayo niliyomwambia kijana wa Kondele. Cha haraka sasa ni nyayo zisining'inie zikaelekea chini, vifundo vikigandia hivyo hata kukaa vizuri kwa wilicheya ni shida. Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani mwambie mtu wa fizio wa hiyo wodi akuonyeshe kunyoosha, halafu ufanye wewe mwenyewe na mikono yako akiangalia, ukikosea akurekebishe palepale.