Mnaoanza tasnifu, angalieni mabano yenu

Tasnifu yangu ya shahada ya kwanza ilihusu elimu ya kujitegemea katika shule za msingi. Kwenye sura ya pili niliandika hivi: “Kila shule inapaswa kuwa na shamba au karakana. Siku hizi shamba la shule limegeuka mahali pa kuwaadhibia wachelewaji (Nyerere, 1967).” Msimamizi wangu akayazungushia mabano yale kalamu nyekundu, akaniuliza, “Haya ya wachelewaji Mwalimu aliyasema wapi?”

Hakuyasema popote. Sentensi ya kwanza ndiyo yake. Ya pili niliiona kwa macho yangu nilipokwenda kukusanya data. Kwa kubandika rejeleo mwishoni mwa aya, nilimsingizia marehemu.

Aya ile niliiandika upya: “Nyerere (1967) alitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Hata hivyo, katika shule nilizozitembelea, shamba lilitumika kuwaadhibia wachelewaji.” Sasa msomaji anajua nani kasema nini. Ndiyo maana nawasihi, hasa kwenye sura ya mapitio, mtangulize jina la mwandishi mnapoanza hoja yake, na mnapoingiza yenu muonyeshe wazi kwamba mmeingia ninyi.

Wengi hudhani wakishabadilisha maneno wamemalizana na mwenye hoja. La. Hoja ya mtu ni yake hata ukiisema kwa maneno yako, kwa hiyo jina na mwaka lazima viwepo. Ukichukua maneno yake kama yalivyo, funga kwa alama za nukuu, kisha ongeza ukurasa.

Ukurasa nao una mtego wake. Andiko la Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, lilitolewa mwaka 1967, halafu mwaka 1968 likaingizwa kwenye mkusanyo wa maandishi ya Nyerere kuhusu ujamaa, yaliyochapishwa kwa Kiingereza. Kurasa hazilingani. Taja nakala uliyoishika mkononi. Kwa APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo, maandishi yaliyochapishwa tena huandikwa kwa miaka yote miwili, yaani (Nyerere, 1967/1968), ikifuatiwa na ukurasa wa kitabu ulichosoma. Na kama hukukisoma kabisa, umekutana na maneno yake kwa mwandishi mwingine, sema “kama alivyonukuliwa na”, umtaje huyo uliyemsoma. Ni heshima kwa aliyefanya kazi ya kukitafuta.

Kuna jambo ambalo sisi tuliolelewa kuwaheshimu wakubwa linatusumbua: kuandika jina tupu. Mkono unataka kuandika “Hayati Mwalimu Nyerere (1967)” au “Profesa” fulani, hasa akiwa ndiye anayekufundisha. Acheni. Jina la mwisho na mwaka vinatosha, bila cheo. Kumsoma kwa makini na kutompotosha ndiyo heshima yake hapo.

Waliohojiwa ni habari nyingine. Mliwaahidi kuwatunzia siri, basi msiwataje kwa majina. Wapeni alama, kama Mwalimu A au Mwalimu B, na msiwaingize kwenye orodha ya marejeo. Maneno yao ni data yenu.

Kuhusu mtindo, ulizeni idara yenu kabla hamjaanza. APA inataka mwaka karibu na jina, na tangu toleo la saba, waandishi wakiwa watatu au zaidi unamtaja wa kwanza na kuongeza “na wenzake” tangu mara ya kwanza. MLA, mtindo mwingine, inataka jina na ukurasa kwenye mabano, bila mwaka. Msichanganye.

Mwisho, rejeleo liandikwe palepale unaposoma. Mimi nilirudi maktaba siku mbili mfululizo kutafuta ukurasa mmoja, kwa sababu kopi niliyotoa ilikatwa chini, namba haikuonekana. Kabla hujaondoka steshenari, pekua karatasi zote uone namba zake, na ukurasa wenye jina la kitabu na mwaka upige picha kwa simu.