Mtaalamu wa sahihi: isomeni hukumu, msiishie kwenye wasifu

Dada, umeuliza kama mumwamini mtaalamu wa maandishi mliyeletewa kwenye kesi yenu ya nyumba, kwa kuwa wasifu wake umejaa sifa. Nikueleze yaliyotufika sisi hapa Tanga.

Mgogoro wetu ulikuwa wa shamba la michungwa Muheza. Wapinzani wetu walitoa hati ya mauziano yenye sahihi ya marehemu baba. Ami akamleta mtu wa kulinganisha sahihi. Wasifu kurasa sita: shahada ya uzamili ya ng'ambo, "ametoa ushahidi Mahakama Kuu mara nyingi". Ami akaridhika palepale.

Mimi nikamwomba namba za kesi. Alitoa mbili kwa shida. Hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani husomwa bure TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, nikaingia usiku huohuo. Ya kwanza sikuiona. Ya pili ilikuwepo na jina lake limo. Wengi wakishaliona jina huridhika, na hapo ndipo watu wanapoumia. Nikasoma mpaka mwisho: jaji aliukataa ushahidi wake, maana alilinganisha na sahihi moja tu, tena ya nakala kivuli. Kusimama kizimbani alisimama kweli, ila hakuaminiwa. Maoni ya mtaalamu hayamfungi jaji.

Shahada nayo tukauliza chuoni kwa barua pepe. Jibu: alihudhuria kozi fupi. Kwa shahada za nje mnaweza pia kwenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Kwa wenzetu nako yapo. Uingereza, Gene Morrison alijiita mtaalamu wa uchunguzi wa jinai kwa miaka mingi, kumbe shahada zake alizinunua kwenye intaneti. Mwaka 2007 akafungwa miaka 5. Marekani, Annie Dookhan alikuwa mkemia wa maabara ya serikali kabisa huko Massachusetts, akisifiwa kwa wingi wa sampuli alizopima. Alighushi majibu, na hata shahada ya uzamili aliyodai hakuwa nayo. Mwaka 2017 zaidi ya kesi 21,000 zilifutwa. Kwa hiyo hata mwajiriwa wa serikali muulizeni.

Muulizeni pia atalinganisha na sahihi ngapi, za miaka gani, na kama ataishika hati halisi. Wetu alitaka tumpigie picha tumtumie WhatsApp! Tukaachana naye. Wakili akaomba mahakama hati yenyewe ipelekwe kwa wachunguzi wa maandishi wa polisi, pamoja na sahihi za baba za benki na za kazini.

Nitumie namba za kesi alizowatajia, nizisome leo usiku.