Acha Chunusi Zionekane Kwenye Boksi

Wiki hii kuna msomaji wa Mwanza kaniandikia hivi: “Dada shikamoo. Nimeiona krimu yako kwenye duka la dawa huku kwetu, ile yenye picha ya shavu lako. Na mimi nina chunusi tangu kidato cha pili, nataka kuanzisha ya kwangu. Nianzie wapi? Halafu, watu wananunua kweli kitu chenye picha ya uso mbaya?”

Marahaba mdogo wangu. Wananunua. Shavu lenyewe ndilo hilo, chunusi tatu mbichi na madoa ya zile zilizopita, limekaa Mwanza dukani na mimi niko Dar, na sijawahi kujivunia kitu kama hicho. Jina la krimu silitaji hapa, msije mkasema nimewaandikia tangazo. Habari za mtaji nazo naziruka, kila mtu ana kikundi chake na madeni yake. Nataka tuzungumzie hiyo picha, maana mambo mengine yote ya biashara hii yalianzia hapo.

Wenye chunusi wenzangu mnazijua salamu zetu. Unamwamkia mtu mzima, “Shikamoo,” anajibu, “Marahaba, uso umefanyaje?” Shangazi mmoja atakwambia ukiolewa zitaisha. Mwingine atasema ni karanga, mwingine atakuangalia kwa jicho la upande na kusema ni mawazo ya wanaume. Nimeolewa, karanga naziona kwa mbali, na chunusi zipo. Wote hao hawakuwa na nia mbaya, najua. Lakini nilifika mahali nikawa nachagua kiti kwenye daladala kwa kufuata shavu lipi litaangalia dirishani, na nikiwa mkweli, hadi leo nikipiga picha na watu natafuta upande wa kushoto.

Ushauri uliotolewa na kila mtu ulikuwa mmoja: sugua. Nikasugua kwa dodoki na sabuni ya mche, ile ile ya kufulia mashuka. Uso ukawa unawaka na unakaza, nami nikadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Baadaye nilipoanza kusoma ndipo nikaelewa kwamba chunusi haitokani na uchafu. Kinyweleo kinaziba kwa mafuta na seli za ngozi zilizokufa, bakteria wanaoishi humo tangu zamani wanaongezeka, mwili unajibu kwa uvimbe na usaha. Homoni ndizo zinazoamrisha mafuta, ndiyo maana inakadiriwa kuwa asilimia 85 ya vijana wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni kama 5. Sabuni ya mche ni 9 au 10. Ukiiosha ngozi kwa sabuni hiyo kila siku asubuhi na jioni, unaivunjia ukuta wake halafu unashangaa mbona imekasirika.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo pana biashara na ndipo pana hatari. Kwenye ngozi nyeusi chunusi yenyewe huondoka, doa ndilo linalobaki. Palipovimba ngozi hutengeneza rangi nyingi kupita kiasi, na doa hilo linaweza kukaa miezi, hata mwaka, hasa kama unalikamua na kulianika juani. Wateja wangu wengi hawaji wakilia na chunusi. Wanakuja wakilia na madoa. Na mtu anayelia na madoa ndiye anayenaswa na muuza mkorogo, kwa kuwa anaambiwa “hii inatoa madoa” na kweli inatoa, pamoja na rangi yake yote.

Mnavijua vilivyomo. Haidrokwinoni, zebaki, steroidi kali kama klobetasoli. Vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu na vyote unavipata Kariakoo kabla hujamaliza soda. Steroidi ndiyo yenye hila zaidi, maana inazima uvimbe, kwa hiyo wiki za mwanzo uso unang'aa na chunusi zinapotea, mtu anakuita shujaa. Akiacha, zinarudi kwa hasira, ngozi imeshakuwa nyembamba, mishipa inaonekana. Nimepokea akina dada wa namna hiyo hadi nimejifunza kuwauliza kwanza: “Ulikuwa unapaka nini, na kina tyubu ya rangi gani?” Hapo wananiangalia kama mganga.

Basi nilipopata boksi la kwanza la kuchapisha, mpiga picha akanitumia shavu langu likiwa limesafishwa. Laini kama ganda la yai. Kafanya kwa upendo, hata hakunitoza. Nikamwambia rudisha chunusi zangu. Akacheka, akadhani natania. Nikamwambia mtu atakayeshika hili boksi ana uso kama wangu, akiona uso laini atajua mara moja kwamba hatuongei naye. Akazirudisha, ila aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Uhakika wenyewe ulijaribiwa mapema. Nikapeleka sampuli kwenye duka moja kubwa hapa mjini. Mhusika wa manunuzi akanusa krimu, akaisifu, akageuza boksi. “Dada, hii picha itatufukuzia wateja. Hamna modeli mwenye ngozi nzuri?” Nyuma yake, kwenye rafu, kulikuwa na losheni za kung'arisha zimepangwa kuanzia chini hadi juu. Ngozi nzuri. Nilitabasamu, nikashukuru, nikalia kwenye bajaji. Ni miaka sasa na bado nikipita mbele ya duka lile najikuta nimekunja uso, na uso wangu ukikunjwa hauna faida kwa mtu yeyote.

Siyo kwamba wazo hili nililigundua mimi. Mwaka 2019 huko Marekani Julie Schott, aliyekuwa mhariri wa urembo kwenye jarida la Elle, na mwenzake Brian Bordainick walianzisha Starface, wanaouza vibandiko vya chunusi vyenye umbo la nyota, vya njano, vinavyoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ndani yake ni haidrokoloidi, kitu kile kile kinachotumika hospitali kufunika vidonda: kinanyonya majimaji na kuuzuia mkono wako usikamue. Wengine walikuwa wakitengeneza vibandiko visivyoonekana, wao wakafanya vionekane. Mwaka uliofuata Olamide Olowe na Claudia Teng wakaja na Topicals, kampuni ya krimu za ngozi, wakaweka kwenye matangazo watu wenye ukurutu na madoa kama walivyo. Nilipoona hayo nilipata nguvu, lakini nilijua siwezi kunakili. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, kibandiko kitakuwa kidevuni saa nne asubuhi.

Kuna swali ambalo utaulizwa, tena na watu wenye akili, kwa hiyo uwe na jibu. Kama ngozi yenye chunusi ni sawa, unauza nini? Mimi niliulizwa na mume wangu, tukiwa tunakula. Sikulala. Jibu nililolipata ni kwamba chunusi inauma, inawasha, na ikiachwa inaweza kuacha kovu la shimo ambalo krimu haiwezi kulijaza. Kumpunguzia mtu uvimbe ni kazi halali. Kumwambia kwamba mpaka upone ndipo uruhusiwe kwenda harusini, hapo unauza aibu. Nauza cha kwanza. Na nakiri kwamba mpaka kati ya hivyo viwili ni mwembamba, kuna siku naandika tangazo la Instagram na kulifuta kwa sababu nimejisikia naongea kama yule shangazi.

Ukishakubali kuweka uso halisi kwenye boksi, mambo mengi yanajiamua. Huwezi kuandika “siku saba”, kwa sababu uso ule unakukana. Ukweli ni kwamba karibu kila kitu cha chunusi kinahitaji wiki 8 hadi 12 ndipo uhukumu, na madoa zaidi ya hapo. Mimi nimeandika hivyo mbele, siyo kwa herufi za sisimizi nyuma. Rafiki zangu wa biashara waliniambia nimejiua. Kilichotokea ni kwamba wanaonunua wanajua wanachosubiri, hawaji siku ya tisa kunitukana kwenye maoni.

Picha za wateja ni vivyo hivyo. Ya kabla na ya baada zipigwe dirisha lile lile, saa ile ile, bila filta, bila fondesheni, kwa ruhusa ya maandishi. Norway tangu mwaka 2022 sheria inamtaka mtangazaji aweke alama kama kaugeuza mwili au ngozi kwenye picha. Sisi hatuna sheria hiyo. Basi jiwekee mwenyewe. Mteja akikutumia picha ya filta akikusifia, mshukuru, usiiposti. Najua inauma kuacha sifa.

Kuhusu kilichomo ndani, nitakwenda haraka maana mtu wa kukufundisha ni mkemia, siyo mimi. Tafuta mkemia, mlipe. Yangu ina niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, inatuliza na inasaidia madoa taratibu. Benzoili peroksaidi ni nzuri sana kwa chunusi, na asilimia 2.5 inafanya kazi karibu sawa na 10 bila kuunguza sana kama hiyo 10, ila ni dawa (na itatoa rangi taulo na foronya, wateja wasipoambiwa wanadhani ni uchawi). Ukidai kwamba bidhaa yako inatibu, umetoka kwenye vipodozi na kuingia kwenye dawa, na huko utakutana na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vipodozi tangu mwaka 2019 viko TBS, shirika la viwango. Jina na alama ya biashara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kama unawaza kuuza Zanzibar ujue kule wana usajili wao.

Najua unataka “asilia”. Kila mtu anataka asilia. Mimi ni mtu wa pwani, nimepakwa liwa na manjano nikiwa bado sijui kujinawa, na msio wa bibi yangu ninao mpaka leo. Lakini mshubiri mbichi ukiuweka kwenye chupa bila kihifadhi, kwa joto letu, siku chache tu umefuga bakteria na kuvu, halafu unampa mwenye vidonda usoni apake. Mafuta ya nazi nayo, pamoja na heshima zake zote jikoni, yanaziba vinyweleo vya wengi wetu. Weka kihifadhi kinachokubalika, peleka sampuli maabara, na uiweke krimu kwenye joto la nyuzi 40 kwa miezi mitatu uone kama itajitenga. Nyuzi 40 kwetu siyo nadharia, ni ndani ya gari la mizigo Chalinze saa saba mchana.

Na sanskrini, jamani. Doa likipigwa na jua linakolea, hakuna krimu itakayoshindana. Watu wanasema sanskrini ni ya wazungu, wakati Moshi pale, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, krimu ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Imetengenezwa kwa kumwangalia mtu anayeipaka, jua analofanyia kazi na maisha anayoishi. Mimi nikiishiwa nguvu huwa nawaza hiyo krimu. Nyie mnaoanza, mnaiga sana Korea na hamjawahi kwenda Moshi kuuliza wale watu walifanyaje.

Kituo hicho hicho nakitaja kwa sababu nyingine. Kuna wateja utawafukuza. Mwenye vivimbe vikubwa vinavyouma chini ya ngozi, mwenye makovu yanayoongezeka, msichana ambaye chunusi zimekuja pamoja na ndevu na hedhi iliyovurugika, huyo usimuuzie. Mwambie aende kwa daktari wa ngozi. Mjamzito naye aseme mapema, maana kuna vitu vya chunusi vya jamii ya vitamini A ambavyo haviruhusiwi kwake kabisa. Mwaka jana nilimkatalia mama aliyetaka chupa sita kwa ajili ya binti yake. Alinuna. Akasema sijui biashara. Sijui kama walikwenda hospitali, hakunijibu tena, na chupa sita kwangu wakati ule zilikuwa kodi ya fremu.

Kwa hiyo mdogo wangu, uliuliza uanzie wapi. Anzia na bidhaa moja, siyo seti ya vitu saba. Chupa ndogo ya ml 30, ili mwanafunzi aweze kuinunua bila kuomba hela kwa mtu atakayemuuliza uso umefanyaje. Jipige picha leo, dirishani, kabla hujanawa. Tengeneza rasimu ya lebo unitumie kwenye WhatsApp kabla hujaenda kuchapisha, nitaisoma bure. Neno “kung'arisha” kama lipo, lifute kwanza ndipo unitumie.