Maswali na majibu: jakuzi, lava na waya wa tere

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jakuzi, yaani mabeseni ya maji moto yenye pampu, ambayo sasa yanaonekana hata kwenye nyumba za kawaida za Goma. Nimechagua tano.

Nimeweka jakuzi kwenye baraza ya nyumba yangu Himbi. Fundi amefunga disjonkta ya ampea 20 na kuchimbia fimbo ya shaba ya tere, ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Anasema yatosha. Je, ni kweli?

Haitoshi, na ningependa kila fundi wa mji huu asome jibu hili mara mbili. Disjonkta ya kawaida, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, hulinda waya zisiungue. Haikutengenezwa kumlinda mtu. Sisi tunaishi juu ya lava, na sehemu ya katikati ya mji ilifunikwa upya Januari 2002. Mwamba huo haupitishi umeme kama udongo wa mashamba, kwa hiyo fimbo ambayo kwingine ingekuwa na ukinzani (kizuizi cha umeme) wa makumi ya omu, hapa inaweza kufikia mamia ya omu. Chukua omu 200: rezistansi ya jakuzi (chuma kinachopasha maji) ikipasuka na umeme wa volti 220 ukavuja kupitia fimbo hiyo, utapita mkondo wa ampea 1 na kitu tu. Disjonkta ya ampea 20 itauona kuwa matumizi ya kawaida na haitakata, huku maji na vyuma vya beseni vikiwa vimebeba karibu volti zote. Kwa mwili wa mtu, miliampea 10 hivi zinatosha kukaza misuli asiweze kuachia alichoshika, na kuanzia miliampea 30, mkondo ukidumu, pumzi na moyo vimo hatarini.

Dai disjonkta diferensieli ya miliampea 30. Yenyewe hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifikia kiwango hicho hukata kabla ya theluthi moja ya sekunde. Kwa kifaa hicho hata fimbo ya omu 200 inafanya kazi yake. Mabomba na vyuma vyote vilivyo karibu na beseni navyo viunganishwe kwa waya wa tere. Anayejenga sasa azungushe waya mtupu wa shaba chini ya msingi kabla ya kumwaga zege, kwa maana baadaye atapigana na mwamba.

Naweza kuliunga beseni kwa ralonje (waya wa kurefushia) kwa muda tu?

Hapana, hata kwa siku moja.

Diferensieli yangu inakata kila jioni. Fundi anataka kuiondoa. Nikubali?

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na linaniuma kila linaporudi. Kifaa kinakuambia kwamba umeme unavuja, nawe unataka kukinyamazisha! Chomoa vyombo vyote, kisha urudishe kimoja kimoja hadi upate kinachokatisha. Mara nyingi huwa ni rezistansi iliyopasuka au pampu iliyoingiwa na unyevu. Fundi anayependekeza kuiondoa asiguse tena umeme wa nyumba yako. Ubonyeze pia kitufe cha T kila mwezi, lakini ujue kwamba kinapima kifaa chenyewe tu, hakisemi lolote juu ya tere. Hiyo hupimwa kwa mita.

Umeme ukikatika tunawasha jenereta ndogo na kuendelea kuoga. Bado tunalindwa?

Huenda hamlindwi kabisa. Katika jenereta nyingi ndogo waya wa nyutro (unaorudisha umeme) haukuungwa na tere, kwa hiyo uvujaji wa kwanza haupati njia ya kurudi na diferensieli haioni kitu. Uvujaji wa pili ndio unaoua. Tokeni majini hadi fundi aunge nyutro na tere kabla ya diferensieli. Na jenereta isikae barazani, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Mimi sina jakuzi, ninachemsha maji ya watoto kwa rezistansi ndani ya beseni. Kuna hatari? (Mama wa Ndosho)

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote, kwa sababu wanaofanya hivyo ni wengi mno. Itumbukize kwanza, ndipo uchomeke. Na uichomoe kabisa kwenye prizi kabla ya mkono wowote kugusa maji. Usitegemee swichi, kwa kuwa plagi ya miguu miwili ya mviringo ikigeuzwa, swichi yaweza kukata nyutro na kuacha umeme ndani ya maji. Zile zilizotengenezwa kwa nyembe na waya mbili zitupe leo, maana hupitisha umeme katika maji yenyewe. Mtoto akinaswa, usimshike: kata disjonkta kwanza. Asipopumua, mbonyeze kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mtu mwingine akitafuta gari la kumfikisha hospitali.