Ramani yaonyesha bwawa, uwandani pana mahindi: majibu kuhusu ardhi oevu za vijijini Ufaransa

SWALI: Nimetoka Mwanza na sasa ninasoma Lyon; sina gari. Napenda kutembelea maziwa na hifadhi za ardhi oevu za vijijini, lakini nimekutana na mambo matatu nisiyoyaelewa. Huko Dombes nilifuata ramani hadi kwenye bwawa kubwa, nikakuta shamba la mahindi. Mwezi Oktoba nilikwenda Ziwa Der, ambalo picha zake zinaonyesha maji yamejaa hadi ukingoni, nikakuta matope yasiyo na mwisho. Kisha nilipofuata ukingo wa bwawa jingine, mwenye eneo alinifukuza ingawa njiani nilikuwa nimeona kibao cha hifadhi. Nitajuaje kabla ya safari kama maji yapo na wapi ninaruhusiwa kupita? Je, inawezekana kukodi mashua? Na ninunue darubini ya aina gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mambo hayo matatu yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba sehemu kubwa ya maji unayoyatafuta yaliwekwa pale na binadamu, na hadi leo wapo watu wanaoyafungulia na kuyazuia kwa ratiba yenye sababu zake. Aliyekulia Mwanza amezoea kuamka na kulikuta ziwa pale alipoliacha jana. Katika mashamba ya Ufaransa inampasa aulize kwanza ni nani anayeshika lango la maji na ni nani anayemiliki ukingo, ndipo aulize habari za ndege.

Tuanze na Dombes, kwa kuwa ndiko karibu nawe. Uwanda huu wa mkoa wa Ain, kaskazini-mashariki mwa Lyon, una mabwawa zaidi ya elfu moja, na yote ni kazi ya mikono ya watu. Barafu za kale ziliacha hapo udongo mzito usiopitisha maji, na tangu Zama za Kati watawa, mabwanyenye na wakulima walijenga matuta ya udongo ili kukinga maji ya mvua na kufuga samaki, hasa karpu, kwa sababu siku ambazo Kanisa liliwakataza waumini kula nyama zilikuwa nyingi na soko la samaki lilikuwa la uhakika. Mabwawa hayo yamefuatana kwa mteremko, hivi kwamba linapofunguliwa la juu maji yake hushuka kulijaza la chini, na mwenye bwawa la chini hawezi kupanga kazi yake bila kupatana na jirani wa juu.

Mzunguko wake ndio uliokuchanganya. Bwawa hujazwa na kufugiwa samaki kwa miaka kadhaa, kwa kawaida mitatu au minne, nalo huvuliwa katika majira ya vuli au ya baridi kwa kuyatoa maji polepole hadi samaki wakusanyike mbele ya lango. Baada ya miaka hiyo huachwa kavu kwa mwaka mzima, hulimwa na kupandwa nafaka, zamani hasa oti na siku hizi mara nyingi mahindi. Tope lililokaa chini ya maji bila hewa hupata jua na oksijeni, virutubisho vilivyofungwa ndani yake hufunguka, magugu ya majini hupungua, na vimelea vya samaki hukosa pa kuishi. Kisha maji yanaporudi, masalia ya mazao yanayooza huwalisha wadudu wadogo ambao ndio chakula cha samaki. Mahindi uliyoyaona, kwa hiyo, ni sehemu ya maisha ya bwawa lenyewe, na mwaka unaofuata huenda ukakuta bata wanaogelea juu ya mistari ile ile ya shamba. Ukiwahi kufika wakati maji yanatolewa, usiondoke kwa kukata tamaa, maana ndio wakati yangeyange na ndege wengine wa miguu mirefu hujaa kwenye tope kutafuta samaki wadogo walionaswa.

Niongeze jambo ambalo wasomaji wa kwetu hushangaa kulisikia: malaria iliwatesa sana watu wa Dombes, na katika karne ya 19 eneo hili lilisifika vibaya kwa homa hiyo. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, Desemba 1793, serikali iliamuru mabwawa ya nchi yakaushwe, na mwaka 1863 watawa wa Trapisti walianzisha abasia huko Le Plantay, mojawapo ya kazi zao ikiwa ni kusaidia kulifanya eneo liwe salama kwa afya. Yaliyobaki ni yale ambayo wenyeji waliyatetea au kuyarudisha kwa sababu ya riziki, na hiyo ndiyo sababu hadi leo mabwawa mengi ya Dombes ni mali ya watu binafsi wanaoishi kwa samaki, nafaka na uwindaji.

Sasa, utajuaje kabla ya kupanda treni? Ramani haitakusaidia. Hata ile nzuri ya taasisi ya taifa ya ramani, IGN, yenye kipimo cha 1:25,000, huchora bwawa kwa rangi ya buluu kila mwaka, liwe na maji au lisiwe nayo. Mimi hutumia picha za setilaiti za Sentinel-2 za mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, ambazo hutolewa bure katika intaneti na hupiga mahali pamoja takriban kila siku 5. Nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10, yaani hekta moja ni nukta 100, hivyo hata bwawa dogo huonekana vizuri. Usichague picha ya rangi za kawaida, kwa kuwa ndani yake maji yenye matope na shamba lililolimwa hufanana. Chagua ile inayotumia miale ya infraredi, ambamo mimea iliyo hai huonekana nyekundu na maji huonekana meusi, kwa sababu maji hunywa karibu miale yote hiyo. Bwawa lililopandwa mahindi litakuwa jekundu kote mwezi Julai. Jihadhari tu na bwawa lililofunikwa na majani yanayoelea, ambalo nalo huwa na wekundu wakati wa kiangazi. Linganisha na picha ya Machi au Aprili, kabla majani hayajatanda, na shaka itaondoka. Majira ya baridi mawingu huziba picha hizo kwa majuma, na hapo utumie Sentinel-1, ambayo ni rada na hupenya mawingu: maji yaliyotulia huonekana meusi kwa kuwa huakisi mawimbi ya rada upande wa pili badala ya kuyarudisha kwenye setilaiti. Siku ya upepo mkali alama hiyo hupungua nguvu, kwa hiyo tazama picha mbili au tatu kabla ya kuamua.

Ziwa Der, katika Champagne, lina hadithi nyingine. Hilo ni bwawa la serikali lililojazwa mwaka 1974, lenye hekta 4,800 na uwezo wa mita za ujazo milioni 350, na kwa ajili yake vijiji vya Chantecoq, Champaubert-aux-Bois na Nuisement-aux-Bois viliondolewa. Kanisa la Champaubert bado limesimama peke yake kwenye rasi. Kazi yake ni kuulinda mji wa Paris, ambao haujasahau mafuriko ya 1910. Maji ya mto Marne huchotwa kuanzia Novemba hadi Juni, wakati mto umejaa, kisha hurudishwa kuanzia Julai hadi Oktoba ili mto usipungue kupita kiasi. Ukitaka mfano wa nyumbani, fikiria bwawa la Mtera, ambako maji huhifadhiwa kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu na kina chake hufuata mahitaji ya walio chini ya mto. Picha ulizoziona zilipigwa Juni, nawe ulikwenda Oktoba, karibu na kina cha chini kabisa.

Hata hivyo hukukosea majira, kama ulikwenda kwa ajili ya ndege. Korongo wa kijivu wanaotoka Skandinavia, Ujerumani, Poland na nchi za Baltiki hufika Der kuanzia Oktoba, na mwezi Novemba wanaweza kuwa makumi ya maelfu, kwa sababu tope na maji ya kina kifupi huwapa mahali pa kulala ambapo mbweha hawezi kuwafikia bila kusikika. Mchana hutawanyika kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na jioni hurudi kwa makundi. Simama kwenye tuta, nusu saa kabla ya jua kuzama, na usishuke kwenye tope, kwa ajili ya usalama wako na utulivu wao. Ndege aliyekufa usimguse, kwa kuwa mafua ya ndege huwapata korongo pia. Shirika linaloendesha bwawa hilo, Seine Grands Lacs, hutangaza hali ya maji mara kwa mara, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha. Kutoka Lyon ni safari ndefu, na stesheni zilizo karibu ni Saint-Dizier na Vitry-le-François, chukua baiskeli.

Kuhusu kufukuzwa, kosa si lako peke yako, maana jina la hifadhi hutumika Ufaransa kwa vitu viwili tofauti kabisa. Hifadhi za mandhari za kanda, zilizoanza kwa amri ya serikali ya mwaka 1967, hazina lango, kiingilio wala askari wa wanyama kama Serengeti. Ni nchi ya watu yenye vijiji, mashamba na misitu, na sehemu kubwa ya ardhi yake hubaki mali binafsi. Hifadhi za asili zenyewe, za taifa au za kanda, ni vipande vidogo vyenye sheria kali zilizoandikwa katika hati ya kuanzishwa kwake, na mara nyingi mbwa, droni na kutoka nje ya njia ni marufuku. Brenne, katika mkoa wa Indre, inaonyesha tofauti hiyo vizuri: hifadhi ya mandhari ya kanda ya mwaka 1989 ina mabwawa mengi mno, lakini mahali ambapo mgeni ana hakika ya kukaa na kutazama ni vibanda vya kutazamia ndege katika maeneo kama hifadhi ya asili ya taifa ya Chérine, iliyoanzishwa 1985.

Tangu sheria ya tarehe 2 Februari 2023, kuingia bila ruhusa katika ardhi binafsi ya mashambani au msituni, ambapo umiliki umeonyeshwa kwa alama, ni kosa lenye faini ya papo kwa hapo ya euro 135. Kibao chenye maneno "Propriété privée" (mali binafsi) kinatosha kuwa alama. Pita barabara za umma na njia zilizochorwa: rangi nyeupe na nyekundu kwa njia ndefu, njano kwa njia fupi. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari wawindaji wako kazini, kwa hiyo vaa fulana ya rangi kali.

Kwa asiye na gari, panda treni ya Lyon kwenda Bourg-en-Bresse na ushuke Villars-les-Dombes. Bustani ya ndege ya hapo, iliyofunguliwa mwaka 1970, hutoza kiingilio na ndege wake wengi wamefugwa, lakini korongo weupe wa porini hujenga viota humo kwa hiari yao, nami naona ni mahali pazuri pa kujizoeza kutambua aina kabla ya kwenda nje.

Mashua usiitegemee. Ziwa Der lina sehemu zilizotengwa kwa michezo ya majini, na mabwawa ya Dombes na Brenne karibu yote yamefungwa. Ziwa Grand-Lieu, karibu na Nantes, ambalo ni hifadhi ya asili ya taifa tangu 1980, haliruhusu mgeni kuelea juu yake. Wanaoingia ni wavuvi wachache wenye leseni na wahifadhi, nawe utalitazama kutoka kijiji cha Passay.

Darubini ninayopendekeza ni ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42. Gawanya 42 kwa 8 utapata upana wa mwanga unaolifikia jicho, milimita 5.25, dhidi ya 4.2 kwa ile ya 10x42, na tofauti hiyo utaiona jioni, saa ambayo korongo hurudi. Ile ya 10 hukuza pia mtikisiko wa mikono. Darubini kubwa ya miguu mitatu ina faida Der tu, ambako ndege huwa mbali mno. Katika vibanda vya Brenne ni mzigo, na pesa yake ni bora uinunulie mabuti ya mpira na suruali ndefu, kwa sababu kupe wa majani marefu ya huko wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, na ni lazima ujikague mwili mzima kila jioni.