Hedhi isiyotabirika na unatafuta mtoto: pima kwanza, ndipo umeze

Vidonge hivyo usivimeze leo wala kesho. Umeandika, dada, kwamba hedhi yako safari moja huja baada ya siku 38 na safari nyingine baada ya siku 57, kwamba huu ni mwezi wa 9 unatafuta mtoto, na kwamba muuza dawa amekupa pakiti 3 za "kuweka homoni sawa" kabla hujaenda kupimwa. Umeuliza pia kuhusu vipimo vya mumeo na daktari wa kumwona, lakini nilipofika kwenye hizo pakiti 3 sikuweza tena kusoma kwa utulivu.

Mimi nilimeza kwa miezi 7. Nilipewa pakiti zisizo na boksi wala karatasi ya maelezo, kila moja ikiwa na vidonge 28, yaani 21 vyeupe na 7 vya kahawia. Kila nilipoingia kwenye vile vya kahawia, siku ya pili au ya tatu damu ilitoka, nami nikatia alama nyekundu kwenye kalenda kwa furaha ya mtu aliyepona. Mume wangu nilimwonyesha kalenda hiyo kwa majivuno, maana alama zilijipanga kana kwamba zimepimwa kwa rula. Mwezi wa 7 wifi yangu, ambaye ana watoto 2 na hataki kusikia habari za wa 3, aliikuta pakiti mezani akaniuliza tangu lini nami natumia vidonge vya majira kama yeye. Kumbe nilikuwa natafuta mtoto huku nikimeza kila usiku, bila kuruka hata siku moja, dawa ya kuzuia mtoto. Kwa nidhamu ile, kama ningekuwa kwenye uzazi wa mpango ningestahili cheti.

Vidonge vile vyeupe vina estrojeni na projestojeni, ambazo huufanya ubongo upunguze homoni zinazolikuza yai, kwa hiyo yai halipevuki wala halitoki. Vile vya kahawia havina homoni, mara nyingi ni madini ya chuma tu, na damu huja kwa sababu homoni za vyeupe zimekatika ghafla. Kalenda yangu iliyonyooka ilikuwa ikihesabu siku za pakiti, na mwili wangu haukuwamo kabisa katika hesabu hiyo.

Hasara haikuishia hapo. Nilipokwenda kupimwa nilikuwa bado namalizia pakiti ya mwisho, na kwa aibu sikumwambia daktari. Majibu ya homoni yakatoka yamevurugika, daktari akakuna kichwa, na nilipokiri akayaweka kando yote, akaniambia niache vidonge nirudi baada ya miezi 3. Jumla miezi 10, na sikuwa nimepata hata jina la tatizo langu! Niliporudi, TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya shingoni, ilikuwa juu, na prolaktini, homoni ya maziwa, nayo juu: tezi hiyo ilikuwa imezembea, na tezi ikizembea prolaktini yaweza kupanda na kuzuia yai kupevuka. Dawa yangu ikawa ya tezi, asubuhi kabla ya kula.

Muuza dawa wangu aliniuliza swali moja tu, nataka pakiti ngapi. Hakuuliza kama natafuta mimba, hakuuliza habari za shinikizo la damu, za kipandauso wala za damu kuganda, na hayo ndiyo maswali ya kuulizwa kabla ya mtu kupewa estrojeni. Vidonge vyenyewe si sumu, na wifi yangu vinamfaa sana.

Sisemi nawe una tezi iliyozembea. Inawezekana ni ovari zenye vifuko vingi, lakini hata hilo halithibitishwi kwa picha ya ultrasaundi peke yake, na tezi na prolaktini huangaliwa kwanza. Anza na kipimo cha mimba, kwa kuwa siku 57 bila hedhi kwa mtu anayetafuta mtoto zaweza kuwa mimba yenyewe. FSH na LH, zile homoni za ubongo zinazolikuza yai, hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya damu. Projesteroni, homoni inayoonyesha kama yai limetoka, wengi huambiwa "siku ya 21", lakini siku hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Inayotakiwa ni kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo kwa mzunguko kama wako huenda ikabidi kipimo kirudiwe. Na kama umeshameza hata kidonge kimoja, kitaje kwa daktari kabla hajakutoa damu.

Sasa geuza moja ya hizo pakiti. Ukiona nyuma yake levonojestreli pamoja na ethinilestradioli, ni vile vile vya wifi yangu. Ukiona jina jingine, liandike hapa herufi kwa herufi, na usikifungue kidonge hata kimoja mpaka ujibiwe.